Kwa Mwalimu Mpya wa Kiingereza: Mabishano ya Matamshi na Namna ya Kuyaamua

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha Kiingereza katika madarasa ya jioni hapa Dar es Salaam, mabishano ya matamshi yatakufikia kabla wiki ya kwanza haijaisha, na namna utakavyoyaamua itakuwa na uzito kuliko andalio la somo ulilokesha ukiliandika. Wanafunzi wa madarasa haya ni watu wazima. Utakuta karani wa wakala wa forodha, muuza vitambaa wa Kariakoo mwenye wateja kutoka Zambia na Malawi, muuguzi, dereva wa watalii, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Kila mmoja ana Kiingereza alichokichuma mahali pake: huyu kwa mwalimu wa sekondari, yule kwa bosi aliyetoka Afrika Kusini, mwingine kwa filamu na simu. Kwa kuwa wametoa fedha yao na muda wao baada ya kazi, wote wanataka kuambiwa lipi ni sahihi, na wanataka kuambiwa jioni hiyohiyo.

Nitakupa mfano mmoja. Karani wa wakala wa forodha alikuwa amesimama akisoma kwa sauti barua pepe iliyohusu ratiba ya meli, akafika kwenye neno "schedule" na kulianza kwa sauti ya "sh", kama alivyofundishwa shuleni. Kijana aliyekaa nyuma yake akamkatiza: "Samahani dada, hapo ni 'sk', si 'sh'." Dada akaishusha karatasi, akageuka, akamjibu kwamba aliyemfundisha neno lile alisomea Uingereza na hakuwa mtu wa kupotosha watoto wa wenzake. Wenzao wakaanza kuchangia, wengine upande huu na wengine upande ule, na baada ya muda mfupi macho yote yakawa kwangu.

Hapo ndipo mwalimu mpya hushawishika kuamua kwa cheo chake, na ninakusihi usifanye hivyo. Nilimwomba karani afungue kamusi iliyokuwa mezani na kusoma ilichosema. Matamshi yote mawili yalikuwemo, la kwanza likiwa la Uingereza na la pili la Marekani. Kisha nikawaeleza jambo ambalo halikuwa kwenye kamusi ile: neno hilo lilipoingia Kiingereza kutoka Kifaransa liliandikwa bila "ch" na kutamkwa kwa "s" tupu, na "ch" ilipachikwa baadaye na wasomi waliotaka ifanane na Kilatini. Kwa hiyo dada na kijana walikuwa wakigombea uzee wa matamshi mawili ambayo yote yalikuja nyuma ya jingine. Darasa lilitulia, na hakuna aliyerudi nyumbani akiwa ameaibishwa.

Ni muhimu wewe mwenyewe ujue kwa nini mabishano ya namna hii hayana hakimu wa mwisho. Wafaransa wana Akademia yao tangu mwaka 1635, na sisi tuna Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, ambalo linaweza kutoa tamko juu ya istilahi na usanifu wa lugha. Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo cha namna hiyo. Jaribio lililokaribia zaidi lilikuwa la redio: mwaka 1926 BBC iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji namna ya kutamka maneno yenye utata, ikaongozwa kwanza na mshairi Robert Bridges na baadaye na mwandishi George Bernard Shaw, huku mtaalamu wa fonetiki Daniel Jones akiwa mmoja wa wajumbe. Kamati hiyo ilisitishwa vita ilipoanza mwaka 1939. Hata ilipokuwa kazini, maamuzi yake yaliwahusu watangazaji tu. Hayakuwa sheria kwa Waingereza wengine, sembuse kwa watu wa Glasgow, Chicago au Mbagala. Kamusi nayo haitoi amri. Inaeleza tu wazungumzaji wanavyosema, ndiyo maana mara nyingi inaonyesha matamshi mawili au matatu mahali ambapo mwanafunzi alitarajia moja.

Kwa hiyo, kabla hujajibu swali lolote la matamshi, jiulize kwanza ni ugomvi wa aina gani. Upo ugomvi wa nchi na nchi, ambao hauna wa kushinda. Upo ugomvi wa jicho na sikio, ambapo maandishi yamemdanganya msomaji. Na upo ule ambao mtu akikosea, msikilizaji anasikia neno jingine kabisa. Mwalimu asiyezitofautisha aina hizi humaliza muda wote kwenye ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye kelele, huku ile ya tatu ikiendelea kuwagharimu wanafunzi wake kazini.

Ile ya nchi na nchi ipitie haraka. Herufi ya mwisho ya alfabeti ni "zed" Uingereza na "zii" Marekani. "Advertisement" inawekewa mkazo mahali tofauti, "herb" ina "h" inayosikika London na isiyosikika New York, "lieutenant" inaanza kwa "left" kwa Waingereza na kwa "luu" kwa Wamarekani. "Either" ina matamshi mawili yanayosikika pande zote mbili za bahari. Jambo moja tu ulisisitize, kwa sababu linaondoa dharau: si kweli kwamba Waingereza wamehifadhi lugha na Wamarekani wameiharibu. Enzi za Shakespeare, Waingereza walitamka "r" katika maneno kama "car" na "hard", kama wanavyofanya Wamarekani wengi mpaka leo. Ni watu wa kusini mwa Uingereza walioiacha baadaye. Vivyo hivyo "a" ndefu ya "bath" inayohesabiwa kuwa ya kiungwana ni mazoea mapya ya kusini, na watu wa kaskazini mwa nchi hiyohiyo hawakuyafuata. Mwanafunzi na achague upande mmoja katika maandishi, kwani tahajia za Marekani kama "color" na "center", alizozitetea Noah Webster katika kamusi yake ya mwaka 1828, hazipendezi zikichanganywa na za Uingereza katika barua moja, na shule zetu zimezoea za Uingereza. Katika kuzungumza, mwache aseme "zii" au "zed", mradi anayemsikiliza ameelewa.

Ugomvi wa jicho na sikio unastahili muda mrefu zaidi, kwa kuwa sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna imani kubwa na maandishi. Kwetu kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake popote iwapo. Mtoto wa darasa la kwanza akishajua silabi anaweza kusoma gazeti kwa sauti hata kama haelewi habari yenyewe. Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti takriban 44, na takriban 20 kati ya hizo ni za irabu. Mwanafunzi wako akisoma "debt" kwa kuitamka "b", usimwambie kwamba hajui kusoma. Amesoma kwa uaminifu kilichoandikwa, na waandishi ndio waliomwekea mtego. Neno hilo lilitoka Kifaransa bila "b". Karne kadhaa baadaye wasomi wakaipachika ili kukumbusha asili yake ya Kilatini, bila kumwomba mtu yeyote aitamke. "P" ya "receipt" ina historia inayofanana na hiyo. "S" ya "island" ni kosa hasa, kwa maana neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale na halikuwahi kuwa na "s" mpaka watu walipolihusisha na neno jingine la Kifaransa ambalo halikuwa ndugu yake. Wanaofanya kazi benki au dukani hukutana na "debt" na "receipt" kila siku, kwa hiyo anza na hayo.

Kama darasa lako liko Kariakoo, una mfano bora kuliko wowote utakaoupata kitabuni, nao uko chini ya dirisha. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo lile lilikuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, "Carrier Corps". Yaandike maneno hayo mawili ubaoni, mwombe mtu ayasome. Wengi watasoma "kops" au "kopsi". Kisha andika chini yake "Kariakoo" na uwaache wayatazame kwa muda. Neno "Corps" lina "p" na "s" zisizotamkwa, na wenyeji waliolipa eneo hilo jina hawakuziweka, kwa sababu walilipata kwa sikio, hawakulipata kwenye ubao wa jeshi. Nairobi nako walisikia vivyo hivyo, wakapata Kariokor. Watu wale wa mwaka 1916 walikuwa wanafunzi wazuri wa matamshi, na ninapenda darasa lijue hivyo, kwa maana mwanafunzi anayeamini kwamba Mswahili hana sikio la Kiingereza anatembea kila jioni juu ya ushahidi wa kinyume chake.

Watakuuliza kwa nini Waingereza hawaandiki wanavyosema. Waambie kwamba zamani waliandika kwa karibu sana walivyosema. Herufi "k" na "gh" za "knight" zilisikika zote. "Time" ilikuwa na "i" ndefu kama ya kwetu, na "name" ilikuwa na "a" ya kwetu, kiasi kwamba Mswahili anayesoma "time" silabi kwa silabi anakaribia matamshi ya wakati wa Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, kuliko anavyokaribia ya mtangazaji wa leo. Kisha mambo mawili yakapishana vibaya. Irabu ndefu za Kiingereza zilianza kuhama, moja baada ya nyingine, katika badiliko lililoendelea mpaka karne ya 18 kukaribia. Katikati ya uhamaji huo, mwaka 1476, William Caxton akafungua mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu nchini Uingereza, pale Westminster, na wachapaji wakaanza kugandisha tahajia. Sauti zikaendelea na safari, herufi zikabaki kituoni. Maelezo haya huchukua dakika chache tu, lakini humwondolea mwanafunzi hisia kwamba anachezewa.

Onyesha kwa mfano wa "ough", ambayo ni "uu" katika "through", "ou" katika "though", "af" katika "tough", "of" katika "cough" na "au" katika "bough". Mwanafunzi anayependa mitandao atakuletea pia neno la kubuni "ghoti", linalodaiwa kusomeka "fish": "gh" ya "enough", "o" ya "women" na "ti" ya "nation". Atakuambia kwamba ni la Bernard Shaw. Si lake, lilikuwa limekwishaandikwa kwenye barua mwaka 1855, kabla Shaw hajazaliwa. Mweleze pia kwamba fumbo lenyewe halikubaliki, kwani "gh" haitoi sauti ya "f" mwanzoni mwa neno, wala "ti" haitoi "sh" mwishoni. Kiingereza kina vurugu, lakini vurugu yake ina mahali pake, na mwanafunzi akilijua hilo ataanza kutafuta kanuni badala ya kukata tamaa.

Sasa nifike kwenye aina ya tatu, ambayo ningependa uipe nusu ya muda wako wote. Kiswahili hakitofautishi maana ya maneno kwa "i" fupi na ndefu kama Kiingereza kinavyofanya, kwa hiyo "live" na "leave" hutoka sawa vinywani mwetu. Mfanyakazi anayemwambia meneja kwamba anaishi Tabata anaweza kueleweka kuwa anaondoka Tabata. "Ship" na "sheep" hufuata mkumbo huo, na kwa karani wa mizigo si jambo dogo kama kilichofika bandarini ni meli au kondoo. "Hat", "hut" na "heart" zote tunazipa "a" moja. Hapa usiwe mpole kupita kiasi: warudishie, wasikilizishe, waandike walichosikia, mpaka sikio lao litenganishe kabla ulimi haujaombwa kutenganisha. Mtu hawezi kutamka tofauti ambayo haisikii.

Tarakimu ni hatari zaidi ya irabu. "Thirteen" na "thirty" hutenganishwa kwa sehemu kubwa na mahali mkazo unapoangukia, na mfanyabiashara wa vitambaa anayetaja idadi ya majora kwa simu kwa mteja wa Lusaka anaweza kupoteza faida ya mwezi kwenye silabi moja. Wafundishe kuongeza kinga, yaani kutaja tarakimu moja moja baada ya namba nzima, "moja, tatu" au "tatu, sifuri", kwa Kiingereza, bila kuona haya. Marubani na mabaharia hutaja tarakimu moja moja kwa sababu hiyohiyo.

Mkazo wenyewe unahitaji maelezo, kwa maana kwetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na tunaupeleka hapohapo katika Kiingereza, ndiyo maana "comfortable" na "vegetable" hutoka na uzito usiotarajiwa. Wanafunzi wengi hudhani mkazo ni pambo. Waulize basi tofauti ya "barabara" inayopitisha magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa, kisha mwombe mmoja atamke zote mbili. Atazitamka vizuri bila kufikiri, na darasa zima litasikia kwamba mkazo unabeba maana hata katika lugha ya mama. Hapo ndipo uwape "import", "export", "permit" na "record", ambazo zikiwa nomino mkazo uko mbele, na zikiwa vitenzi uko nyuma. Baada ya "barabara", kanuni hiyo huingia kwa urahisi ambao haupatikani ukianza na Kiingereza chenyewe.

Vitenzi vya wakati uliopita pia vinatupa shida, kwa sababu tunasoma "ed" kama ilivyo. "Walked" huishia kwa "t", "played" kwa "d", na "wanted" peke yake kati ya hizo ndiyo yenye silabi ya ziada. Kanuni ni fupi: silabi huongezeka pale tu kitenzi kinapokuwa tayari kinaishia kwa sauti ya "t" au "d". Ifundishe mara moja, kisha uwakumbushe kila wanaposoma.

Lafudhi usiiguse. Ninalisema hili kwa uchungu, kwani nimeona wanafunzi wazuri wakinyamazishwa miezi mizima na mwalimu aliyewacheka walivyosema "th". Lugha yetu yenyewe inazo sauti hizo, katika "thelathini" na "dhahabu", na anayesema "selasini" ameleta desturi ya nyumbani kwao ambayo haimpunguzii akili. Mkumbushe "thamani" na "dhamana", atamke, kisha ahamishie "think" na "this". Kuhusu "r" na "l", shughulika nazo tu pale zinapobadili neno, kama "rice" na "lice". Lengo ni kwamba mgeni kutoka Manila au Stockholm amwelewe mara ya kwanza. Hakuna aliyemwomba asikike kama mzaliwa wa London, na wazaliwa wa London wenyewe hawasikiki sawa.

Utakapoona darasa limechoka, wape vituko vya lugha, lakini vichague vile vinavyofundisha. Ninachokipenda kuliko vyote kinaanzia barabarani. Waingereza waliweka kwenye mizunguko vibao vya "keep left", na Waswahili wakapata kipilefti, kisha kwa kuwa neno linaanza na ki-, wingi wake ukawa vipilefti. Watu hudhani huo ni uchangamfu wetu peke yetu. Lakini Waingereza walikuwa na neno "pease" kwa zao la njegere, wakadhani "s" ya mwisho ni alama ya wingi, wakaiondoa na kubaki na "pea" kuwa punje moja. "Apron" nayo ilikuwa "napron", mpaka "a napron" ikasikika kama "an apron" na "n" ikahamia kwa jirani. Sikio la mkulima wa Kiingereza na sikio la dereva wa Dar es Salaam zimefanya kazi ileile, na mwanafunzi anayegundua hivyo huanza kukiona Kiingereza kuwa lugha ya watu.

Majina ya mahali yana sheria yake, nayo ni kwamba wenyeji ndio wenye neno la mwisho. "Leicester" ni "Lesta", "Greenwich" ni "Grenichi", na "Thames" haina "th" inayosikika. Kansas na Arkansas zimeandikwa karibu sawa lakini ya pili huishia kwa sauti kama "soo", na mabishano juu yake yalikuwa makali kiasi kwamba mwaka 1881 bunge la jimbo lilipitisha azimio la kuyamaliza. Dereva wa watalii akikosa uhakika, amuulize mgeni jina la mji wake na alirudie kama alivyolisikia. Afanye hivyo pia kwa jina la mgeni mwenyewe. Naye asione vibaya kumfundisha mgeni kutamka "Ng'ombe" na "Mbezi", kwa utaratibu uleule na subira ileile.

Mwisho, kuhusu vifaa. Nunua kamusi moja ya wanafunzi yenye alama za kimataifa za fonetiki, uiache mezani mahali ambapo kila mtu anaweza kuifikia bila kukuomba, na wiki ya kwanza soma na darasa ukurasa unaoeleza alama hizo. Anza na ile "e" iliyopinduliwa, irabu hafifu ambayo Kiswahili hakina na ambayo ndiyo inayosikika mara nyingi kuliko irabu nyingine yoyote ya Kiingereza. Simu zinazotamka maneno ni msaada mkubwa, ila wafundishe kubadili mpangilio ili wasikie sauti ya Uingereza na ya Marekani kwa neno hilohilo. Mwanafunzi akikupinga mbele ya wenzake, mpe kamusi aisome mwenyewe kwa sauti, na lolote atakaloliona humo liandike ubaoni kwa mkono wako.